Siku tatu Mombasa: maswali yenu ya likizo ya Agosti

Shule zinakaribia kufungwa, na ujumbe mwingi ninaopata ni wa watu wanaotaka kuteremka pwani. Nimechagua mitano.

Tunashuka Ijumaa na treni kutoka Nairobi, tunarudi Jumapili jioni. Tulale Nyali ufuoni au mjini? (Baba wa wawili, Thika)

Mjini, bwana. Najua watoto wanataka maji, lakini mkilala Nyali kila safari ya Mji wa Kale ni kuvuka daraja, na jioni foleni yake haina huruma. Treni yenyewe inaishia Miritini, ambako bado ni bara. Ukitoka nje utakuta matatu na teksi. Bei ya teksi patana kabla mizigo haijaingia.

Jumamosi yote wapeni watoto. Asubuhi Haller Park, bustani ya wanyama, alasiri ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule wenyewe tunauita Pirates. Vyote viko upande wa Bamburi, kwa hiyo daraja mnalivuka mara moja kwenda na moja kurudi. Haller Park ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu, mpaka mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kupanda mivinje. Ndiko alikopelekwa Owen, yule kiboko yatima wa tsunami ya 2004 aliyemng'ang'ania kobe mzee kama mamake. Wasimulieni njiani, watafika na hamu.

Fort Jesus inahitaji muda gani? Mume wangu anasema ni kuta tu. (Msomaji, Nakuru)

Kuta ni sawa, lakini kuta hizo Wareno walizijenga kati ya 1593 na 1596, na Waomani walipozizingira mwaka 1696 iliwachukua karibu miaka mitatu kuingia. Waliokuwa ndani walimalizwa na njaa na maradhi kuliko risasi. Waingereza nao wakaja kuifanya jela, ikabaki hivyo hadi 1958.

Saa mbili zinatosha. Nendeni mapema, milango ikifunguliwa, kwa sababu ikifika adhuhuri yale mawe ya matumbawe yanarudisha joto lote usoni. Mume wako mpeleke moja kwa moja kwenye michoro ya mabaharia wa Kireno: meli, samaki, watu, vimechorwa ukutani na mabaharia waliochoka kungoja. Kisha vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Asipokaa kimya hapo, mwache nje anywe madafu.

Beba kitambulisho, maana Mkenya halipi sawa na mgeni. Mkitoka, shikeni Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, kwa miguu mkatazame milango na roshani. Kijana akijitolea kuwatembeza, muulizeni bei kwanza. Hamumtaki, asante na salamu vinatosha.

Nina wageni wawili kutoka Kampala na pesa kidogo. Tule wapi? (Mwanafunzi, Kisauni)

Wewe mwenyeji unaniuliza mimi? Haya. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, popote utakapoona wanaoenda kazini wamesimama foleni. Mchana wa Ijumaa, biriani, baada ya swala. Wakati wa swala maduka mengi ya Mji wa Kale yamefungwa. Jioni wapeleke bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, upepo ukianza. Muhogo unachomwa kwenye makaa, unapasuliwa katikati, halafu muuzaji anachovya kipande cha ndimu kwenye pilipili ya unga na kuupaka mpaka ndani. Viazi karai na chatne ya ukwaju vikifuata, hakuna atakayeuliza habari ya hoteli. Malizieni kwa kahawa tungu na kashata.

Nataka kumpelekea mama mkwe leso. Nitajuaje nzuri? (Bibi harusi, Eldoret)

Biashara Street, dada, na uende bila haraka. Leso inauzwa jozi, vipande viwili vikiwa bado vimeshikana. Fundi mwenye cherehani barazani atazikata na kuzikunja pindo huku unangoja. Shika kitambaa: pamba inakwaruza kidogo kwa ule wanga wa upya, polista inateleza, na kwa joto letu haifai. Bei haipishani sana duka hadi duka, basi nguvu za kupatana ziweke kwenye vinyago.

La muhimu ni jina, yaani maneno yaliyochapwa kwenye leso. Lisome lote kabla hujalipa, maana leso nyingine ni mafumbo ya kumpiga mtu kijembe, na mama mkwe atasoma kabla hajakushukuru. "Nani kama mama" haijawahi kumgombanisha mtu. Ukiwa hapo, ingia soko la Marikiti ununue iliki na mdalasini mzima, si wa kusagwa, utajua unachonunua. Mfuko uje nao; ya plastiki ilipigwa marufuku 2017. Makombe na matumbawe yaache baharini.

Tunaweza kwenda Diani na kurudi siku hiyohiyo? (Wapenzi wawili, Kitengela)

Mnaweza. Kwa miguu feri ya Likoni ni bure, kisha matatu ya Ukunda. Wenye gari wapite barabara ya Dongo Kundu, feri hawataiona kabisa. Ila kama siku zenyewe ni mbili tu, mimi nisingekwenda. Diani mtaingia adhuhuri, saa tisa mmeanza kutazama saa. Ihamisheni Desemba mkalale huko, na vyumba mvishike mapema kabla bei hazijapanda.