Maswali ya Wasomaji: Fleti Mpya, Machaguo na Mipaka Yake

Barua nyingi tulizopokea kutoka Arusha na Moshi zinahusu fleti zinazouzwa zikiwa bado zinajengwa, ambapo mnunuzi hupewa nafasi ya kuchagua baadhi ya vitu kabla ya kukabidhiwa funguo. Tumechagua tano ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Shikamoo. Mimi na mume wangu tumelipa malipo ya awali ya fleti ya vyumba vitatu katika jengo linaloendelea kujengwa Njiro. Kampuni imetupatia karatasi ya machaguo yenye rangi za vigae, aina za makabati ya jikoni, milango, sinki na taa, na tunatakiwa kuirudisha baada ya wiki mbili. Fedha yetu ya ziada ni ndogo. Tuanze na kipi? (Mama wa watoto watatu, Njiro)

Marahaba, mwanangu. Ushauri wangu ni kwamba muiweke kando karatasi hiyo kwa siku chache na kwanza muulizie yale ambayo hayakuandikwa ndani yake. Karibu kila kilichoorodheshwa hapo kinaweza kubadilishwa hata baada ya miaka mitano na fundi wa kawaida: taa hufunguliwa na kufungwa nyingine, makabati huondolewa, rangi hupakwa upya. Kisichobadilika kwa urahisi ni kile kitakachofunikwa na plasta, zege na vigae, yaani nyaya za umeme, mabomba ya maji safi na njia za maji taka. Mkiwa na fedha kidogo, zitumieni huko, na mchukue vigae na makabati ya kawaida ambayo tayari yamo katika bei.

Kwa upande wa umeme, hita ya kupasha maji ya bafuni yenye nguvu ya kilowati 7, katika umeme wetu wa volti 230, huvuta takribani ampea 30, kiasi ambacho waya wa soketi za kawaida haukutengenezwa kuubeba. Kwa hiyo hita, na jiko la umeme kama mnatarajia kulitumia, kila kimoja kiwe na waya wake mnene unaotoka moja kwa moja kwenye kisanduku cha umeme na kuwa na kikata umeme chake. Ombeni pia soketi za jikoni ziongezwe juu ya meza ya kazi, kwa kuwa nyumba yenye jokofu, birika, blenda na jiko la presha la umeme ikipewa soketi mbili tu itaishia kutumia nyaya za kuunganisha zinazolala karibu na maji. Mwambieni fundi apitishe mabomba matupu ya plastiki ukutani kuelekea sebuleni na vyumbani kwa ajili ya nyaya za intaneti na kisimbuzi, hata kama hamna mpango navyo leo. Gharama yake wakati huu ni ndogo mno ukilinganisha na kuja kuchimba ukuta uliokwisha kupakwa rangi.

Jikoni, fikirini mahali pa mtungi wa gesi kabla ya kufikiri rangi ya kabati. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, lakini bado yapo majengo mapya ambayo mchoro wake haukumtengea mtungi nafasi yoyote. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, na inapovuja hutuama sakafuni badala ya kupanda na kutoka dirishani. Mahali pazuri ni kwenye roshani ya jikoni, palipo na uwazi wa chini, huku bomba maalumu likipita ukutani hadi kwenye jiko. Hili linafanyika kwa urahisi kabla ya vigae kuwekwa.

Mkishamaliza hayo, chagueni vigae. Sakafu ya bafuni na roshani iwe ya vigae vyenye mkwaruzo, hata kama vile vinavyong'aa vinapendeza zaidi dukani, na mwombe kampuni iwaachie boksi moja au mawili ya akiba, kwa sababu vigae vya toleo jingine la kiwanda huweza kutofautiana rangi hata kama jina ni lile lile.

Nimenunua fleti Sakina na ningependa ukuta kati ya jiko na sebule uondolewe ili pawe na nafasi moja kubwa. Pia mke wangu anataka choo cha wageni kihamishiwe upande wa pili. Fundi aliyepo hapo amesema hakuna shida. Je, nimwamini? (Msomaji, Sakina)

Ndugu yangu, mambo hayo mawili yana uzito tofauti. Katika majengo mengi ya ghorofa yanayojengwa hapa kwetu, mzigo hubebwa na nguzo na bimu za zege, na kuta za tofali zilizo katikati huwa za kugawa vyumba tu, hivyo inawezekana kabisa ukuta wako ukaondolewa bila madhara. Hata hivyo, anayepaswa kusema hivyo ni mhandisi wa mradi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, akiwa na michoro mbele yake, kwa maandishi. Zipo kuta zinazoficha nguzo, na zipo zinazopitisha mabomba ya wakazi wa juu. Tena tusisahau kwamba tunaishi kandokando ya Bonde la Ufa: mitetemeko ya Julai 2007, iliyotokea upande wa milima ya Gelai na Oldoinyo Lengai, ilisikika hadi Arusha mjini. Jengo lililohesabiwa kuhimili mtikisiko lisipunguzwe viungo vyake kwa neno la mdomo.

Suala la choo nalipinga waziwazi. Vyoo na mabafu hupangwa kimoja juu ya kingine ili bomba la maji taka lishuke wima, na ukikihamisha choo chako, kitakuwa juu ya sebule au chumba cha kulala cha jirani wa chini, huku maji yake yakitegemea bomba refu lililolazwa kwa mteremko mdogo. Siku likiziba au likivuja, jirani ndiye atakayeona kwanza kwenye dari yake. Mshauri mkeo abadilishe mpangilio ndani ya choo hicho hicho, kwa mfano kuhamisha beseni la kunawia au upande wa kufungukia mlango, na nina hakika mtapata nafasi mnayoitafuta.

Tunahamia fleti mpya upande wa Usa River. Meno ya watoto wa ndugu zetu wa huko yana madoa ya kahawia na tunaambiwa ni maji. Je, kuna kitu tunachoweza kuomba kiwekwe wakati wa ujenzi? (Wazazi, kwa sasa Moshi)

Kipo, na ninafurahi kwamba mmeuliza mapema. Miamba ya volkano inayouzunguka Mlima Meru hutoa madini ya floraidi ambayo huyeyuka katika maji ya baadhi ya chemchemi na visima. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo kadhaa vya eneo hilo huvuka kiwango hicho kwa mbali. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi hupata madoa, na floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi huathiri hata mifupa.

Watu wengi huamini kwamba kuchemsha kunatosha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi hubaki palepale, na kwa kuwa sehemu ya maji hupotea kama mvuke, kiwango chake huongezeka kidogo. Kinachosaidia ni chujio la utando linalosukuma maji kwa shinikizo, au chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto kimeifanyia kazi kwa miaka mingi.

Ulizeni kwanza jengo linapata maji kutoka wapi, kwa mamlaka ya maji au kisima chake lenyewe, na mwombe matokeo ya maabara yanayotaja floraidi kwa tarakimu. Kisha, kwa fundi bomba, ombeni mambo matatu chini ya sinki la jikoni: tundu la ziada la maji safi, tundu la kutolea maji yanayokataliwa na chujio, na soketi iliyo juu ya usawa wa maji. Chujio lenyewe mnaweza kulinunua baadaye. Chujio la utando hutupa sehemu kubwa ya maji, kwa hiyo wekeni ndoo ya kuyapokea yafae kusafishia sakafu na choo.

Je, naruhusiwa kuziba roshani yangu kwa vioo, kufunga dishi ukutani na kuweka tanki langu juu ya paa? Fleti ni yangu na nina hati. (Msomaji, Soweto, Moshi)

Hapana, si kwa uamuzi wako peke yako. Chini ya sheria ya mwaka 2008 inayosimamia umiliki wa sehemu za majengo, mwenye fleti anamiliki sehemu yake pamoja na hisa katika maeneo ya pamoja, ambayo kwa kawaida ni paa, kuta za nje, ngazi, korido na lifti. Maeneo hayo husimamiwa na chama cha wamiliki kwa kanuni zake, na wote huchangia matunzo yake. Zisome kanuni hizo kabla ya kulipa, kisha uombe idhini. Tanki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima ya mzigo juu ya paa.

Nimestaafu na nimepewa nichague kati ya fleti inayotazama kaskazini na inayotazama kusini, kwa bei moja. Kuna tofauti? Tena nikikabidhiwa nikague nini? (Mzee mstaafu, Moshi)

Shikamoo, mzee wangu. Chukua ya kaskazini. Sisi tupo takribani nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na miezi ya Juni na Julai, ambayo ndiyo ya baridi, jua hupita upande wa kaskazini wa anga, kwa hiyo madirisha ya upande huo hupata joto wakati unapolihitaji zaidi. Mlima Kilimanjaro nao uko upande huo, ingawa inafaa uangalie kama kiwanja cha mbele hakitajengwa ghorofa nyingine.

Kuhusu ukaguzi, nenda mchana ukiwa na fundi unayemwamini. Fungueni bomba zote kwa pamoja muone kama maji yanapungua nguvu, mwageni ndoo ya maji bafuni na kwenye roshani muone yanakoelekea, na mjaribu kila soketi. Mabadiliko yoyote uliyoomba yawe yameandikwa kwenye kiambatisho cha mkataba pamoja na bei yake na mchoro uliosainiwa, vinginevyo utaambiwa hayakuwahi kukubaliwa. Mwisho, soma mkataba wako uone mwenye mradi amejifunga kurekebisha kasoro kwa muda gani baada ya makabidhiano. Ukikabidhiwa Juni na muda huo ukawa miezi sita, utakwisha kabla ya masika ya Machi hadi Mei, ambayo ndiyo huonyesha kama paa, kingo za madirisha na roshani vinavuja. Omba miezi kumi na miwili, na uombe kabla ya kusaini.