Soma salio kabla ya meseji: kwa mnaoanza uwakala

Karibuni kwenye kazi hii ya uwakala wa pesa za simu, wadogo zangu. Kibanda changu kiko jirani na soko la Mbuyuni, hapa Moshi, na mwaka huu natimiza miaka tisa ndani yake. Wanaokuja kuniomba ushauri huuliza mtaji uwe shilingi ngapi na kamisheni ikoje. Hayo utayajua ndani ya wiki mbili. Nataka niseme habari ya matapeli, kwa sababu wao hawakupi hizo wiki mbili.

Disemba yangu ya kwanza ilinifundisha kwa gharama. Mnajua Moshi inavyokuwa watu wanaporudi nyumbani kula sikukuu: stendi imejaa, kila mtu anatoa hela ya mbuzi, ya ndizi, ya kumpa mama. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Akaja kijana nadhifu, mpole, akaniamkia vizuri, anataka kutoa 180,000. Akabonyeza simu yake, na papo hapo simu yangu ya kazi ikalia. Meseji ikaanza na "Imethibitishwa", ikafuata namba ya muamala, kiasi, jina, saa, salio jipya. Nikahesabu noti kumi na nane za elfu kumi, nikampa, nikasema karibu tena.

Jioni hesabu ikagoma. Nikarudi kwenye zile meseji moja moja mpaka nikaifikia yake. Juu yake, mahali ambapo huwa panatokea jina la huduma, palikuwa na namba ya simu ya kawaida ya tarakimu 10. Alikuwa ameniandikia yeye mwenyewe, au mwenzake aliyesimama pembeni. Lakini kilichoniuma zaidi ni salio. Meseji yake ilisema nimebaki na floti, yaani hela iliyomo kwenye laini ya uwakala, ya 412,000. Daftari langu lilionyesha kuwa kabla yake nilikuwa na 655,000, na mteja akitoa hela floti ya wakala hupanda. Nilitakiwa kusoma 835,000. Tapeli anaweza kunakili kila neno la meseji halisi, nukta kwa nukta, ila salio lako halijui. Hapo atabahatisha tu.

Tangu siku hiyo hela haitoki mkononi mwangu kwa ushahidi wa meseji. Naingia kwenye menyu ya simu ya kazi, naweka namba ya siri, naangalia salio, nalilinganisha na mstari wa mwisho wa kaunta buku. Inachukua kama nusu dakika. Wapo watakaofoka kwenye foleni. Waambie kwa heshima, "Nisubiri kidogo mzee wangu, nahakiki," na endelea. Mteja wa kweli atanung'unika na atasubiri. Anayekuharakisha sana, anayekuonyesha simu yake usome skrini, anayeanza kukupigisha stori ya basi linalomwacha, huyo ndiye wa kuhakikiwa mara mbili. Na usiandike kaunta buku jioni kwa kukumbuka. Andika kila muamala unapoisha, la sivyo hutakuwa na kitu cha kulinganisha.

Wa pili ni wale wanaopiga simu. Anajitambulisha kuwa ni wa makao makuu, anakutaja jina, pengine hata mtaa wa kibanda chako, halafu anasema laini yako ya uwakala inafungwa leo usipoihuisha. Kwa Tanzania, huduma kwa wateja ya mitandao ya simu ni namba 100. Akipiga kwa namba ya kawaida, kata simu, kisha piga 100 wewe mwenyewe uulize. Kata tu, si utovu wa adabu. Hakuna mfanyakazi wa kweli atakayekuomba namba ya siri, na hakuna atakayekuambia ubonyeze namba ndefu zenye nyota na reli huku yeye yuko hewani. Ile inayoanza na *21* huhamisha simu zako zote kwenda kwa mwingine. Ukishaibonyeza, benki au mtandao wa simu ukikupigia anapokea yeye. Ukihisi umeshafanya hivyo, piga ##002# kuondoa uhamishaji wote. Na zile tarakimu 6 za WhatsApp zinazokuja kwa meseji, usimsomee mtu, hata akisema zimekuja kwako kwa makosa. Ukimsomea, kesho kundi la kikoba chenu litaombwa mkopo wa laki mbili kwa jina lako, na watu watatuma kwa sababu wanakuamini. Nenda sasa hivi kwenye mipangilio ya WhatsApp ukawashe uthibitishaji wa hatua mbili.

Simu ya kazi ikipoteza mtandao ghafla wakati ya jirani inashika, usikae kuizima na kuiwasha nusu saa. Inawezekana mtu ameshabadilisha laini kwa jina lako. Azima simu, piga 100.

"Ile hela tuma kwenye namba hii." Meseji hiyo kila mmoja wetu ameshaipata, na vijana wengi huicheka. Mimi siicheki tena. Anayeituma hakujui. Anaituma kwa maelfu ya namba, akitegemea kwamba kati yao yupo anayedaiwa kodi leo, yupo aliyeahidi mchango wa msiba, yupo aliyekubaliana bei ya shamba na anasubiri namba ya kulipia. Kwa huyo mmoja meseji imefika wakati wake kabisa. Ndiyo maana huandika pia "jina litatokea fulani". Mteja akiona lile jina kabla ya kuthibitisha, roho inatulia. Lakini jina limelingana na nini? Limelingana na maneno ya tapeli mwenyewe. Mwambie mteja ampigie mwenye nyumba kwa ile namba ya siku zote. Na wewe usiifute meseji hiyo kabla hujairipoti kwenda 15040, namba ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ya kupokea taarifa za utapeli.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi. Mkiwa ndani ya kibanda mtadhani kazi yenu ni kulinda floti. Ni kweli, lakini hela nyingi za wazee wetu zinapotea zikiwa salama kabisa kwa upande wa wakala: muamala halali, kamisheni imeingia. Wakala ndiye mtu wa mwisho anayeweza kuuliza swali.

Mwaka juzi alikuja bibi kutoka Kibosho, simu iko sikioni kwa mkono mmoja, mkono mwingine unafungua fundo la kanga. Nikamwamkia, hakuitikia. Mtu wa Kilimanjaro wa umri ule asiyeitikia shikamoo, jua kuna jambo. Alikuwa akisema tu "ndiyo baba, ndiyo, nimefika." Akaniwekea 240,000 mezani na kikaratasi cha namba.

Nikamuuliza taratibu, "Bibi, hii unamtumia nani?"

Akafunika simu kwa kiganja. "Daktari. Mjukuu wangu amegongwa na gari. Ameniambia nisiseme na mtu, hata wewe."

Sikumwambia ametapeliwa. Mtu mwenye hofu ya mjukuu ukimwambia hivyo anakuona adui, anahamia kibanda cha pili. Nilimwambia, "Pole sana bibi. Nipe namba ya mjukuu tumpe pole kwanza." Nikapiga kwa simu yangu. Iliita mara nne, na zile sekunde bibi hakupepesa macho. Kijana akapokea, mzima, yuko kazini Arusha, Njiro, anauliza kuna nini. Nikampa bibi simu. Aliposikia sauti akakaa chini pale pale kwenye kreti la soda, akaanza kulia, na yule "daktari" bado anaita "mama, mama" kwenye simu nyingine.

Alipotulia tukapiga *106# kwenye simu yake, tuangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Kumbe zilikuwa tatu, wakati yeye maisha yake yote ana moja. Akakumbuka: msajili mmoja wa barabarani alimwambia kidole hakijasoma, weka tena, weka tena. Kila kidole kiliposoma kilizaa laini, na mahali fulani kuna mtu aliyetumiwa meseji ya "jina litatokea", likatokea jina la bibi huyu. Kesho yake mjukuu alipanda basi kutoka Arusha asubuhi, akampeleka kwenye duka la mtandao wake na kitambulisho mkononi, wakazifuta zile mbili.