Mkate wa zukini kubaki mbichi katikati

Pole dada. Unasema mkate wako wa zukini (aina ya boga changa la kijani, refu kama tango) ulizovuna unaumuka vizuri, halafu ukishautoa unadidimia katikati na kisu kinatoka na uji; hilo lilinikuta kiangazi changu cha kwanza Ohio, Marekani, jirani aliponiachia mlangoni zukini nene kama paja la mtoto.

Sidhani kosa ni la oveni yako. Zukini ni maji kwa karibu asilimia 95, na hizo kubwa ulizovuna ndizo zimezidi. Zipasue, toa mbegu na nyama laini ya katikati kwa kijiko, kisha zikwaruze. Nyunyizia chumvi kidogo, subiri dakika 10, uzikamue kwa kitambaa kama unavyokamua tui. (Chumvi ya kwenye unga ipunguze.) Zibaki na unyevu lakini, la sivyo utakula mkate mkavu.

Vikombe viwili vya zukini kwa vitatu vya unga, nami hugawa kwenye vyombo viwili. Ukijaza kimoja, katikati hapaivi. Nyuzi 175 za Selsiasi, dakika 50 hadi 60, na usifungue oveni kabla ya 40. Mimi huongeza iliki. Watoto wanauita mkate wa kumimina wa Wamarekani.

Jambo moja usilipuuze: onja kipande kibichi kwanza. Kikiwa kichungu, kiteme, utupe zukini yote. Uchungu huo ni sumu, moto wa oveni hauiondoi. Aliyekwisha kula akaanza kutapika au kuharisha, mpeleke kwa daktari.