Maswali na Majibu: Baraza Ndani ya Miwani

Kikundi chetu cha mawese kina wanachama Ujiji, Kasulu na Dar es Salaam. Simu ya pamoja inageuka vurugu. Je, uhalisia pepe, yaani kukutana katika chumba cha kompyuta kwa kuvaa miwani maalumu, utatufaa? (Katibu wa kikundi, Ujiji)

Utawafaa, ila msianze na picha, anzeni na sauti. Kwenye simu sauti zote hutoka tundu moja. Katika chumba pepe kilichosanifiwa vizuri, aliyeketi kushotoni mwako unamsikia kushotoni, na sikio linawatofautisha hata wakisema wawili. Kaeni duara, kila mtu amwone anayetaka kusema.

Adui wenu ni sauti kuchelewa. Katika maongezi ya kawaida mtu akimaliza, mwenzake hudakia baada ya kama milisekunde 200 tu, yaani moja ya tano ya sekunde. Ikichelewa nusu sekunde, wawili huanza pamoja na kunyamaza pamoja. "Endelea, mzee." "Hapana, sema wewe, mama." Halafu wanagongana tena! Nimewashuhudia watu wazima wakikwama hivyo, na kilichowakwamisha ni heshima yao wenyewe. Kwa hiyo wekeni ishara ya kunyoosha mkono inayoonekana na wote, na mwenyekiti ndiye atoe nafasi.

Bando letu litatosha? (Mvuvi, Kibirizi)

Chumba chenyewe hupakuliwa mwanzoni. Baada ya hapo husafiri sauti na mienendo ya kichwa na mikono, si video. Sauti ya mtu mmoja ikibanwa hadi kilobiti 32 kwa sekunde ni kama MB 14 kwa saa.

Shikamoo. Nilijaribu miwani hiyo, nikapata kichefuchefu. Tena ilinivuruga mtandio. (Mama, Mwanga)

Marahaba, mama. Macho yalikuambia unatembea, sikio la ndani likasema umekaa, ndipo tumbo likachafuka. Chumba cha mazungumzo hakihitaji kumsogeza mtu kwa kitufe. Mwache aketi kitini pake. Uzito nao ni tatizo la kweli: miwani ya Quest 2, iliyotoka 2020, ina gramu 503, na mikanda yake inapita juu ya kichwa. Fungeni mtandio laini usio na fundo kisogoni, na mkutano usizidi dakika 20.

Lazima wote tuwe na miwani? (Mwalimu, Kasulu)

Hapana, na msikubali mfumo unaowalazimisha. Hubs, huduma ya vyumba pepe ya Mozilla, iliruhusu kuingia kwa kivinjari cha simu. Huduma yake ilifungwa 2024, lakini msimbo wa programu yake uko wazi kwa yeyote kuutumia. Fundi wenu anaweza kuuweka kwenye seva yenu, yaani kompyuta ya kuhudumia chumba. Asiye na miwani apewe kiti kwenye duara lilelile, asiwekwe kando kama mtazamaji.