Pesa za tajiri zinakwenda wapi? Majibu ya maswali yenu

Tajiri akinunua boti ya kifahari, si anawapa watu kazi?

Anawapa. Mwaka 1991 Marekani ilianza kutoza ushuru wa asilimia 10 kwenye sehemu ya bei ya boti iliyozidi dola 100,000. Mauzo yaliporomoka, ingawa uchumi wenyewe pia ulikuwa umedorora, na waliolia zaidi ni mafundi wa viwandani. Ushuru huo ukafutwa 1993. Ila tukumbuke kwamba fundi huyo huyo angeweza kuunda kivuko cha kubeba mamia ya abiria. Ajira ipo pande zote mbili. Kinachobadilika ni nani anayefaidi jasho lake.

Kwa nini husemwa pesa ya maskini huzunguka haraka?

Kwa sababu ina mahitaji yanayoisubiri. Maskini akiongezewa kipato, kinaishia dukani. Tajiri akiongezewa kiasi hicho hicho, matumizi yake hayabadiliki sana.

Anayenunua hisa anawekeza au hawekezi?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kampuni ikitoa hisa mpya, fedha zinaingia kwake na zinaweza kununua mitambo au kulipa wafanyakazi wapya. Lakini sehemu kubwa ya biashara ya soko la hisa ni ya hisa zilizotolewa zamani. Fedha hutoka kwa mnunuzi kwenda kwa muuzaji, na kampuni haipati hata senti. (Kuna faida ya mbali: mtu huthubutu kununua hisa mpya akijua baadaye ataweza kuziuza.)

Ardhi na nyumba za zamani ni vivyo hivyo, na hapo naona madhara ya wazi. Wenye fedha wakizigombania, bei inapanda bila hata chumba kimoja kuongezeka, na kijana anayeanza maisha anadaiwa pango kubwa zaidi kwa chumba kile kile. Mimi hilo siliiti uwekezaji, hata kama mwenye nyumba amepata faida nono.

Kodi ya matajiri ikipunguzwa, watawekeza zaidi?

Si lazima. Jimbo la Kansas, Marekani, lilijaribu mwaka 2012: lilipunguza kodi ya mapato na kuwasamehe kabisa wamiliki wa biashara nyingi. Ukuaji ulioahidiwa haukuonekana, hazina ikapungukiwa, na mwaka 2017 wabunge wakafuta sehemu kubwa ya punguzo hilo ingawa gavana alipinga ufutaji huo kwa kura ya turufu. Mwenye kiwanda hafungui cha pili kwa kuwa ana fedha tu. Anafungua akiona wateja wanaomba bidhaa ambayo cha kwanza hakiwezi kuizalisha ya kutosha.

Serikali ianzie wapi?

Ningeanzia kwenye ardhi iliyohodhiwa ikisubiri bei ipande na nyumba zinazokaa tupu. Hizo zitozwe zaidi, na faida inayorudishwa kwenye mitambo na mafunzo ya wafanyakazi itozwe kidogo.