Kwa nini rubani anasubiri wingu lipite

Kaka, unauliza kwa nini ndege ndogo ya Zanzibar icheleweshwe kisa wingu, wakati ni kama dakika ishirini tu angani na rubani njia anaijua kichwani. Njia siyo shida. Shida ni sikio.

Usawa wa mwili tunaupata kwa macho na kwa majimaji yaliyo ndani ya sikio. Macho yakizibwa na wingu, ndege ikaanza kugeuka taratibu, yale majimaji hutulia baada ya muda, na rubani anahisi yuko sawa kabisa, kumbe bawa moja limelala na ndege inashuka. Akishtuka anavuta usukani ipande, ndiyo kwanza mzunguko unazidi kukaza. Dawa ni kuamini vipimo vilivyo mbele yake na kuupuuza mwili, na mwili haupuuziki kirahisi.

Uzoefu pekee hauokoi. Helikopta iliyombeba Kobe Bryant, nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani, ilianguka Januari 26, 2020 kule California: rubani alikuwa na leseni ya kuruka kwa kutegemea vyombo, akaingia mawinguni, akawaambia waongoza ndege kwamba anapanda, na muda huohuo alikuwa anashuka upande wa kushoto. Wote 9 walifariki.

Pale kwenye mkondo wa bahari kati ya bara na Unguja napo ukungu ukitanda, bahari na anga vinakuwa rangi moja, hujui mstari unaovitenganisha uko wapi.

Msimu wa masika, kama una kikao cha asubuhi Unguja, vuka jana yake jioni.