Kona ya Sheria: Amandi ya parkingi mu lupango ya Leta

SWALI

Jambo Yaya wa Kona ya Sheria. Mi ni musomaji wenu wa Kampemba, hapa Lubumbashi. Wiki iliyopita nilienda ku biro moja ya serikali kule mu vili kutafuta karatasi ya mutoto, nikaweka motokari ndani ya lupango yao juu inje nafasi ilikosekana, mulinzi aliniona naingia hakusema kitu. Kutoka kisha nusu saa nakuta balishafunga sabo, kile chuma cha kuzuia motokari kutembea, ku mupira ya mbele, na karatasi ku kioo: amandi 100 000 franka, kuegesha mahali penye kukatazwa, kulipa mbele ya saa 48. Nauliza pano ya kukataza iko wapi, banasema hapa ni kwa Leta, pano ya nini. Nikabapa 30 000 batoe sabo, kitansi habakunipa, na permi yangu bakaishika mpaka nilete 70 000 yenye ilibaki. Njo nauliza, naweza kubisha hii amandi ao ku mali ya Leta mutu hana haki? Na ile 30 000 ilishakufa?

JIBU

Kaka, barua yako nimeisoma mara mbili juu ile neno "hapa ni kwa Leta" imeniuma sana, nimeisikia mara nyingi ikifunga watu midomo. Tuanze nayo. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973, yenye ilirekebishwa mwaka 1980, inasema ku kifungu cha 53 kwamba udongo wote wa Kongo ni mali ya Leta peke yake. Wote. Hata pale kitanda chako kinasimama kule Kampemba ni kwa Leta, wewe uko na haki ya kukaa na kutumia. Kwa hiyo "kwa Leta" haijibu kitu. Maswali ya kuuliza ni haya: nani aliandika hiyo amandi, kwa sheria gani, na franka zinaingia mu kasha gani.

Sisemi biro haina haki ya kupanga lupango yake, iko nayo. Mukubwa wa biro anaweza kusema hapa ni ya magari ya kazi tu, wageni wabaki inje, na akikuambia utoe motokari unatoa, usibishane. Lakini kupanga lupango ni kitu kimoja, kulipisha mutu amandi ni kingine kabisa. Katiba yetu ya 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inasema hakuna mutu wa kufuatwa ao kuhukumiwa isipokuwa kwa nguvu ya sheria na kwa njia yenye sheria hiyo inaonyesha. Na kama watakugeuzia maneno waseme hapana hii si amandi ni taksi ya parkingi, basi waonyeshe maandishi ya hiyo taksi, juu taksi za provensi, za miji na za komini zimeorodheshwa mu ordonansi-sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018, hazitoki mu kichwa cha mulinzi.

Sasa chukua hiyo karatasi uiweke ku mwangaza. Tafuta jina na cheo cha mwenye kuandika, saini yake, saa, namba ya motokari, na kifungu cha sheria chenye wanasema ulivunja. Mu fotokopi yenye ulinitumia naona kashe ya biro imepigwa nusu-nusu, naona 100 000 kwa biki ya bluu, na maneno mawili matatu ya kosa. Jina hakuna. Kifungu hakuna. Hapo njo nguvu yako iko, kaka, kuliko hata ile habari ya pano.

Juu nani anaweza kukuambia lipa hapa hapa kosa liishe? Sheria ya utaratibu wa mashitaka ya tarehe 6 Agosti 1959, kifungu cha 9, inampa OPJ, ni kusema ofisa wa polisi mwenye sheria inampa kazi ya kuchunguza makosa, hiyo nguvu: akiona kosa lako hata mbele ya juji lingeishia ku amandi tu, anaweza kukuomba ulipe kiasi fulani. Lakini sikia vizuri, ulipe ku kasha ya Leta, haiko mu mukono wake, na kiasi hakiwezi kupita amandi ya juu yenye sheria yenyewe iliweka. Ni mwaliko, unaweza kuukataa, na ukikataa ni wao wa kupeleka faili mbele. Mulinzi wa mulango si OPJ. Sekreteri wa biro si OPJ, hata kama ana kashe.

Na ile permi, OPJ akishika kitu chako anapaswa kukuonyesha hicho kitu, na kuandika PV, maandishi rasmi, ya kushika. Kama PV hakuna, uliza kwa upole, na mbele ya shahidi kama inawezekana: permi yangu iko mu mikono ya nani, kwa PV gani? Usipandishe sauti, usitaje wakubwa wenye unawajua mu serikali, hiyo inaharibu.

Ile 70 000 usiipeleke bado. Ya Leta inalipwa kwa karatasi yenye inaonyesha akaunti, unalipa, unarudi na ushahidi. Ya mukononi bila kitansi haikuingia ku Leta, hiyo ujue, na 30 000 yako kuirudisha ni ngumu, sitakudanganya, lakini iandike mu barua yako: siku, saa, kiasi, na ulimpa mutu wa sura gani kama jina hukulijua. Mara nyingi ile mistari miwili njo inafanya faili itembee, juu mukubwa wa biro hataki ibaki imeandikwa.

Barua yenyewe ni ukurasa moja tu. Mwandikie mukubwa wa ile biro, kopi kwa meri. Eleza uliingia saa ngapi kufanya nini, pano haikuwapo, mulinzi alikuona, kisha omba vitu vitatu: kifungu cha sheria, jina la mwenye kuandika, na permi yako. Chora plan ya lupango kwa biki, mulango, mahali uliegesha, mahali mulinzi anakaa. Kupiga foto ndani ya biro za Leta kunaweza kukuzalia kesi ingine kubwa kuliko hii, chora tu.

Toa kopi mbili na usiondoke pale bila kashe ya mapokezi ku kopi yako. Mi mwenyewe miaka iliyopita nilipeleka barua ku ofisi moja kwa amandi ya namna hii, ya kwanza niliacha mezani nikaenda, wakasema hawajaiona. Ya pili nilisimama pale mpaka mama wa mapokezi akafungua registri, akaandika namba, akapiga kashe ya rangi ya zambarau, akaandika tarehe juu yake. Niliporudi nikataja ile namba, alitembeza kidole mu registri mustari kwa mustari na faili ikaonekana siku ile ile. Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema Mukongomani akiandikia mamlaka ombi, wanapaswa kujibu mbele ya miezi 3, na hiyo miezi inahesabiwa tangu ile kashe.

Wakikataa na kukushitaki, kosa dogo la namna hii linaenda Tribinali ya Amani, na pale wenye kukushitaki njo wanapaswa kuonyesha kosa liko wapi. Nenda na kopi zako, na siku ya kuitwa usikose.

SWALI

Yaya, mi ni shofa wa taksi, Katuba. Nilisimama mbele ya shule ya serikali kushusha mama na batoto babili, mota inawaka, polisi wa rulaji akaniandikia eti niliegesha. Ni kweli?

JIBU

Kusimama na kuegesha si kitu kimoja, ndugu. Wakati wenye unahitaji kushusha watu ao mizigo ni kusimama, ukipita hapo njo kuegesha. Angalia pano: ya bluu yenye muzunguko mwekundu na mustari mumoja inakataza kuegesha tu, yenye mistari miwili ya kukatana kama musalaba inakataza hata kusimama. Kama ni ya mustari mumoja uko na neno la kusema, na mbele ya yote mutafute ule mama, juu njo shahidi wako.